Kutoka Goma hadi Roma: safari ya familia ya Floribert Bwana Chui

Jumapili ya tarehe 15 Juni 2025, watu wengi walikusanyika katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Ukuta, mjini Roma, nchini Italia. Kati yao walikuwamo mama mmoja wa Goma na watoto wake wawili wa kiume. Hawakwenda Roma kutembea. Walikwenda kusikia jina la mtoto wao na ndugu yao, Floribert Bwana Chui Bin Kositi, likitangazwa na Kanisa Katoliki kuwa jina la Mwenyeheri. Kama angekuwa hai, Floribert angekuwa ametimiza miaka 44 siku mbili tu kabla ya hapo.

Wengi hapa Masisi na Walikale waliisikia habari hiyo kwenye redio, wakafurahi, kisha wakauliza swali moja. Kijana huyu alizaliwa Goma, akasoma Goma, akafanya kazi Goma, akauawa Goma. Kwa nini basi sherehe yake ifanyike zaidi ya kilomita 5,000 kutoka Goma, mahali ambapo majirani zake hawawezi kufika?

Jibu fupi ni vita. Jibu refu lina historia ndani yake, na historia hiyo inawahusu hata wale ambao hawajawahi kupanda ndege. Inahusu mchele unaoingia kwenye sufuria ya familia. Inahusu pia namna watu wa mashariki ya Kongo wamekuwa wakisafiri, au wakizuiwa kusafiri, kwa ajili ya imani yao.

Kijana wa OCC

Floribert alizaliwa tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria, na akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki iliyoanzishwa Roma mwaka wa 1968 na Andrea Riccardi. Ni jumuiya inayojulikana duniani kwa kazi ya upatanishi: mapatano ya amani ya Msumbiji, yaliyotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, yalipatikana kwa msaada wake. Lakini mjini Goma ilijulikana zaidi kwa kazi ndogo ya kila siku. Floribert na wenzake walikuwa wakiwakusanya watoto wa barabarani, wale ambao Goma inawaita maibobo, wakiwafundisha, wakila nao, wakiwatafutia nafasi ya kurudi shuleni.

Baada ya masomo alipata kazi katika OCC, ofisi ya serikali iliyoundwa mwaka wa 1974 kwa ajili ya kukagua mali inayoingia na kutoka nchini. Msomaji aliyewahi kupita kwenye bariera anajua tofauti: watu wa duane wanaangalia ushuru, lakini watu wa OCC wanaangalia kama mali yenyewe ni nzima. Chakula kikifika kimelowa, kimeoza, kimeingia wadudu au kimepita tarehe yake, wao ndio wanaopaswa kuandika karatasi ya kukizuia na kuamuru kiharibiwe. Mwaka wa 2007 kazi hiyo, mjini Goma, ilikuwa mikononi mwa Floribert.

Kwa mtu wa mjini hiyo inaweza kuonekana kazi ya makaratasi. Kwa mtu wa Masisi si hivyo. Maharagi, viazi, maziwa na jibini vinateremka kutoka milimani kupitia Sake hadi Goma. Chumvi, sukari, mafuta, unga na mchele vinapanda kwa njia hiyohiyo. Kinachopita mpakani leo, kesho kinauzwa sokoni kwa kipimo, na kesho kutwa kiko kwenye sahani ya mtoto mahali ambapo zahanati iko mbali na dawa ni haba. Tajiri akigundua kwamba mchele umeoza, anautupa na kununua mwingine. Maskini anauosha mara mbili, anauchemsha, anaula.

Mchele ulioharibika ulipofika mbele yake, Floribert alikataa kuupitisha. Alimwuliza mtawa mmoja aliye daktari madhara ambayo chakula cha namna hiyo kingeleta kwa watu, na alipojua, hakurudi nyuma. Akaahidiwa fedha. Alipokataa, wakaongeza. Alikataa tena. Aliwaeleza wenzake kwamba fedha zingeisha haraka, lakini wale ambao wangekula chakula kile wangebaki na madhara yake. Kwa mkristo, alisema, ilikuwa ni kuchagua kati ya kuishi ndani ya Kristo au kuishi nje yake.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Maiti yake ilionekana tarehe 9 Julai, ikiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Miaka 17 ya kungojea

Familia ya mtu aliyeuawa kwa namna hiyo inajua kungojea. Kwa kawaida, katika Kivu ya Kaskazini, mtu akiuawa habari yake hudumu wiki moja. Matanga yanaisha, kifo kingine kinafuata, majina yanapangana. Jina la Floribert halikupotea kwa sababu rafiki zake wa Sant'Egidio hawakuacha kulitaja. Shule ya jumuiya hiyo mjini Goma ilipewa jina lake, na ndani yake wamesoma watoto wa familia zilizokimbia vita.

Mwaka wa 2016, wakati wa Askofu Théophile Kaboy, jimbo la Goma lilifungua uchunguzi juu ya maisha na kifo chake. Mashahidi waliitwa, wakasikilizwa, maneno yao yakaandikwa. Uchunguzi huo ulifungwa mwaka wa 2018 na karatasi zote zikapelekwa Roma. Kule swali kubwa lilikuwa moja. Kanisa linamwita mfiadini yule aliyeuawa kwa ajili ya kuchukia imani. Je, mtu aliyeuawa kwa ajili ya mchele anaingia humo? Waliomuua hawakumwambia akane msalaba. Walitaka sahihi yake.

Jibu la Kanisa lilitayarishwa na kesi nyingine. Nchini Italia, hakimu Rosario Livatino aliuawa na mafia tarehe 21 Septemba 1990 kwa sababu hakukubali kununuliwa, na tarehe 9 Mei 2021 alitangazwa Mwenyeheri mjini Agrigento. Nchini El Salvador, Askofu Mkuu Óscar Romero aliuawa akiadhimisha misa mwaka wa 1980 kwa sababu alitetea maskini; alitangazwa Mwenyeheri mwaka wa 2015. Hoja ni hii: ikiwa mtu anatenda haki kwa sababu ya imani yake, yule anayemuua kwa kuchukia haki hiyo ameichukia pia imani iliyoizaa. Tarehe 25 Novemba 2024 Papa Fransisko alikubali hati iliyosema kwamba Floribert ni mfiadini. Kwa mfiadini hakuhitajiki muujiza ili atangazwe Mwenyeheri. Damu yake inatosha.

Papa Fransisko hakuwa mgeni kwa jina hilo. Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashujaa mjini Kinshasa, aliwaambia maelfu ya vijana habari ya kijana wa Goma ambaye angeweza kupitisha mali ile bila mtu kujua, hata angepata faida, lakini akaomba, akawafikiria wengine, akasema hapana kwa uchafu wa rushwa.

Papa ambaye Goma haikumwona

Maneno hayo yalipaswa kusemwa Goma. Watu wa huku hawajasahau. Safari ya Papa Fransisko ilipangwa kwanza mwezi wa Julai 2022, na siku moja ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Goma. Uwanja wa misa ulikuwa unatayarishwa Kibumba, katika teritware ya Nyiragongo. Mwezi wa Juni, Vatikano ilitangaza kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya maumivu ya goti la Papa. Ilipopangwa upya, kuanzia tarehe 31 Januari 2023, Goma haikuwamo tena. Vita vya M23 vilikuwa vimerudi, na mahali pa misa palikuwa karibu na mstari wa mapigano.

Basi, kwa kuwa Papa hakuweza kuja kwa watu wa mashariki, watu wa mashariki walipelekwa kwa Papa. Tarehe 1 Februari 2023, katika nyumba ya balozi wa Vatikano mjini Kinshasa, alikutana na watu walioteswa na vita kutoka Kivu na Ituri. Walisimulia waliyoyapata, wakaweka chini ya msalaba vitu vilivyotumika kuwaumiza, hata panga. Walikuwa wachache, wamesafirishwa kwa ndege, wakibeba habari za mamilioni ambao hawakuwa na njia ya kufika.

Ndivyo ilivyokuwa tena mwaka wa 2025. Tarehe 4 Januari, Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23. Mwisho wa mwezi huo Goma ikafuata. Uwanja wa ndege ukafungwa, mabenki yakafungwa, na serikali ya Kinshasa ikahamishia utawala wa jimbo Beni. Mwezi wa Februari, makambi yaliyokuwa yamewapokea watu wa Masisi kando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, yalivunjwa. Familia zikafunga sheeting na sufuria, zikaanza kupanda kurudi vijijini, nyingine zikikuta nyumba hazina mabati, nyingine zikikuta shamba lina mwenyeji mpya. Mwezi wa Machi mapigano yakafika Walikale-centre. Katika hali hiyo hakuna aliyeweza kuwaalika makardinali, mapadri wa nchi nyingine na maelfu ya waamini kuja kukaa katika uwanja mmoja mjini Goma.

Safari za zamani

Si mara ya kwanza kwa Waafrika wa eneo hili kufuata mbali sherehe ya mtu wao. Wafiadini wa Uganda, waliouawa kati ya mwaka wa 1885 na 1887, walitangazwa wenyeheri Roma mwaka wa 1920, wakati ambapo safari ya kwenda Ulaya ilikuwa ya wiki nyingi kwa meli. Walipotangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, ilikuwa tena Roma, maaskofu wa dunia nzima wakiwa wamekusanyika kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Ilibidi kungoja mpaka mwaka wa 1969 ili Papa Paulo VI aje mwenyewe Kampala. Tangu hapo mambo yaligeuka: leo ni dunia inayosafiri kwenda Namugongo, kila tarehe 3 Juni, na kati ya mahujaji hao hawakosekani Wakongomani.

Kwa Kongo njia imekuwa ya kwenda na kurudi. Anuarite Nengapeta, mtawa aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alitangazwa Mwenyeheri nyumbani, mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, na Papa Yohane Paulo II. Isidore Bakanja, aliyekufa mwaka wa 1909 kwa majeraha ya viboko alivyopigwa kwa amri ya bwana mzungu kwa sababu ya skapulari, alitangazwa Roma tarehe 24 Aprili 1994. Kisha tarehe 18 Agosti 2024 ilikuwa zamu ya Uvira: wamisionari watatu wa Italia, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Albert Joubert wa Kongo, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Sherehe hiyo iliongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo kandokando ya Ziwa Tanganyika, na watu wa kule waliiona kwa macho yao. Miezi kumi tu baadaye, kwa mtoto wa Goma, haikuwezekana tena.

Historia hii si ya Wakatoliki peke yao. Wakati wa Wabelgiji, mtu mweusi hakusafiri atakavyo, na wenye ibada isiyopendwa na serikali walisafirishwa kwa nguvu. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka wa 1921, akafungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kifo chake tarehe 12 Oktoba 1951. Wafuasi wake walihamishwa na familia zao kwenda majimbo ya mbali. Katika milima na misitu yetu yenyewe, mwaka wa 1944, wafuasi wa Kitawala wakiongozwa na Bushiri waliasi upande wa Masisi na Lubutu, na serikali ya mkoloni ikajibu kwa bunduki, kamba na magereza. Tangu hapo, kikundi cha watu wanaosali usiku msituni kiliangaliwa kama jeshi.

Miaka 18 baada ya kifo cha Kimbangu, mwezi wa Agosti 1969, kanisa lake lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, kwenye mkutano wa Canterbury, Uingereza. Mwaka wa 1975 baraza hilohilo lilifanya mkutano wake mkuu Nairobi, kuanzia tarehe 23 Novemba hadi 10 Desemba, ukiwa wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Wabaptisti wa CBCA nao, ambao makao yao makuu yako Goma, wanakutana kwa zamu na makanisa ya Ujerumani, Asia na Afrika katika umoja wa misioni wenye makao yake Wuppertal. Kila mkutano wa namna hiyo una mambo mawili yanayofanana: wachache wanakwenda, na wengi wanangojea wale wachache warudi na neno.

Anayesafiri na anayebaki

Kusafiri na familia kwenda ng'ambo kwa ajili ya sherehe ya Kanisa si jambo la nauli tu. Mtu anahitaji paspoti, na paspoti inataka ofisi ya serikali inayofanya kazi. Anahitaji viza, na hakuna ubalozi wa Italia mjini Goma. Anahitaji benki, na mwaka wa 2025 benki za Goma zilikuwa zimefungwa. Anahitaji uwanja wa ndege, na ule wa Goma ulikuwa kimya. Aliyetaka kupanda ndege wakati huo ilimbidi kwanza avuke mpaka.

Hapo ndipo msomaji anaweza kutulia kidogo. Mpaka unaoitenga Goma na Gisenyi ni mpaka uleule ambapo Floribert alifanya kazi. Karatasi alizokuwa akiandika zilihusu vitu vinavyopita hapo. Aliyetaka kutoka Goma kwenda kumheshimu ilibidi aombe njia mahali ambapo yeye aliwanyima wengine njia, akauawa kwa sababu hiyo.

Roma ilikuwa katika mwaka wa Jubilei, na mji ulikuwa na mahujaji kutoka pande zote za dunia. Mahali palipochaguliwa pana maana yake. Basilika ya Mtakatifu Paulo imejengwa juu ya kaburi la Mtume Paulo, aliyesafiri kwa miguu na kwa merikebu, akafungwa, akauawa mbali na kwao. Aliyeongoza misa ni Kardinali Marcello Semeraro, mkuu wa idara ya Vatikano inayoshughulikia kesi za watakatifu. Askofu wa Goma, Willy Ngumbi, alikuwepo. Wakongomani wanaoishi Ulaya walikuja kuijaza nafasi ambayo ingejazwa na watu wa Goma: wale walioondoka miaka mingi, wengine wakiwa wakimbizi, wengine wakiwa na watoto ambao hawajawahi kuiona Nyiragongo ikiwaka usiku. Kwao safari ilikuwa ya saa chache. Kwa watu wa Masisi, ambao pengine waliula mchele mzuri mwaka ule wa 2007 kwa sababu ule mbaya ulizuiwa, hapakuwa na njia.

Mchana wa siku hiyo, kwenye sala ya Malaika wa Bwana, Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei baada ya kifo cha Papa Fransisko, alimtaja Floribert mbele ya watu waliojaa uwanjani, akasema kwamba aliuawa akiwa na miaka 26 kwa sababu, kama mkristo, alipinga udhalimu na kutetea wadogo na maskini. Kesho yake, Jumatatu tarehe 16 Juni, aliwapokea mahujaji waliokuja kwa ajili ya sherehe hiyo. Alimsalimu mama wa Floribert na ndugu zake. Aliuliza ni wapi kijana alipata nguvu ya kukataa rushwa iliyokuwa imezoeleka hivyo, na akaomba kwa maombezi yake amani ipatikane Kivu, Kongo nzima na Afrika.

Neno lililorudi

Ni neno gani basi lililorudi na wale wachache?

Kwanza, kwamba mtu wa huku anaweza kujulikana duniani kwa jambo jema. Miaka mingi majina ya Masisi, Walikale, Rutshuru na Goma yanatajwa ng'ambo pamoja na vita, madini, makambi na mazishi. Safari hii yalitajwa pamoja na mtumishi wa serikali aliyefanya kazi yake sawasawa. Hilo linafaa kusemwa kwa watoto, hasa wale wanaokua wakiamini kwamba katika nchi hii mwenye akili ni yule anayejua kula.

Pili, kwamba Floribert hakuwa padri wala askari wala mwanasiasa. Alikuwa na kalamu, stempu na mshahara. Rushwa aliyoikataa haikuwa jambo geni. Ni ileile ambayo watu wanaiita matabishi, chai, au sabuni, na ambayo kila mmoja ameikuta kwenye bariera ya kamba, kwenye ofisi, kwenye mlango wa shule. Familia zilizopita kambini zinaifahamu hata zaidi. Zinajua orodha ya msaada ambayo jina la mjane limefutwa na la jamaa wa mkubwa likaandikwa. Zinajua gunia la kilo 25 ambalo linafika na kilo 20. Zinajua unga unaonuka ambao mtu anaambiwa aupokee na kunyamaza, maana kesho jina lake linaweza kukosekana. Kila mahali hapo pana mtu mwenye kalamu, na kila mtu mwenye kalamu anaweza kufanya kile ambacho Floribert alifanya, au kinyume chake.

Tatu, kwamba kukataa kuna gharama, na si haki gharama hiyo ilipwe na mtu mmoja. Kijana yule alisimama karibu peke yake. Kama wakubwa wake, wafanyabiashara wazuri, polisi, majaji na wanunuzi wangesimama upande wake, pengine mwaka wa 2025 angekuwa baba wa watoto, anayerudi nyumbani jioni, asiyejulikana na mtu yeyote Roma. Heshima ya madhabahuni haiondoi deni hilo. Mama aliyesafiri kilomita 5,000 kusikia jina la mtoto wake likiimbwa angependa zaidi kulisikia likiitwa mezani.

Mambo ya Kanisa yanaendelea kwa mwendo wake. Ili Mwenyeheri atangazwe Mtakatifu, hapo sasa muujiza mmoja unatakiwa, na uchunguzi wake unaweza kuchukua miaka. Sherehe hiyo, ikija siku moja, itafanyika mahali ambapo Papa ataamua. Kwa sasa ipo tarehe 8 Julai, siku ya kifo chake, ambayo haihitaji viza wala ndege. Inaweza kukumbukwa katika kanisa la mabati, chini ya sheeting, au kando ya barabara ambapo mama anauza mchele kwa kipimo na kujua moyoni kwamba kipimo chake kimejaa.